Mbwa Akijua Mahali pa Haja, Ua Huwa Salama kwa Watoto

Katika ploti nyingi za Mtwapa, Kilifi mjini na Malindi, ua ni mmoja na kazi zake ni nyingi. Asubuhi nguo huanikwa hapo, mchana watoto hucheza hapo, jioni mkeka hutandikwa na mboga hukatiwa hapo hapo. Siku mpangaji mmoja anapoleta mtoto wa mbwa, ua huo huongezewa kazi ambayo hakuna aliyeipanga: unakuwa choo. Majirani hutaka mbwa aondolewe, mwenye mbwa husema bado ni mdogo hajui, na kinyesi hubaki pale pale mpaka mtu akikanyage.

Hilo la "hajui" lina dawa, tena ya wiki chache tu. Mtoto wa mbwa anaweza kufundishwa kwenda haja mahali pamoja na kwa saa zinazojulikana, bila kiboko na karibu bila gharama. Wengi hudhani faida yake ni sakafu safi. Faida kubwa ni nyingine: kinyesi kinachotoka mahali pamoja kwa saa zinazojulikana kinaweza kuokotwa, na kinyesi kinachookotwa siku hiyo hiyo mara nyingi hakipati muda wa kumwambukiza mtu.

Mbio za siku chache

Watoto wengi wa mbwa huwa na minyoo tangu tumboni mwa mama yao, na wengine huipata kwa kunyonya. Mnyoo unaosumbua zaidi huitwa toksokara. Mmoja wa kike, akiwa ndani ya utumbo wa mbwa, anaweza kutaga mayai 100,000 na zaidi kwa siku moja, na yote hutoka na kinyesi. Mayai hayo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kukaa nje kwa wiki 2 hadi 4 ndipo yaive. Yakishaiva, hudumu udongoni kwa miezi, hata miaka, muda mrefu baada ya kinyesi chenyewe kukauka na kupotea machoni.

Hapo ndipo mtoto anayechezea udongo huingia hatarini. Akitia kidole mdomoni, mayai huanguliwa ndani ya utumbo wake, na mabuu husafiri mwilini hadi kwenye ini au mapafu. Mara chache huingia jichoni, na jicho hilo linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Mzazi hawezi kuuona ugonjwa huu ukiingia. Huona tu mtoto anayekohoa, mwenye homa isiyoeleweka, au anayefinya jicho moja.

Minyoo ya safura ya mbwa nayo ina njia yake, na mchanga wenye unyevu wa Pwani unaifaa sana. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya takriban wiki moja mabuu huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu au ya mtoto aliyekaa mchangani. Dalili yake ni mstari mwekundu unaojipindapinda chini ya ngozi, unaosogea kidogo kila siku na kuwasha vibaya usiku.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Safura inahitaji kama wiki moja, toksokara wiki mbili au zaidi. Anayeokota kinyesi kila siku huwa amezitangulia zote mbili.

Upo mnyoo mmoja ambao mbio hizo haziuzuii. Ni tegu mdogo sana anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa, ambaye mayai yake huambukiza mara tu yanapotoka na kumsababishia binadamu uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Kaunti ya Turkana imejulikana kwa miongo mingi kwa wagonjwa wa uvimbe huo. Mbwa huupata anapotupiwa maini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye malengelenge. Kinga yake huanzia machinjioni na jikoni: viungo vya namna hiyo vizikwe mbali chini au vichomwe, na chochote mbwa anachopewa cha ndani ya mnyama kipikwe kabisa.

Dawa ya minyoo hutolewa mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mtoto wa mbwa hupewa dozi ya kwanza akiwa na wiki 2, halafu kila baada ya wiki mbili hadi afike wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na baadaye kila miezi mitatu. Mama yake apewe pamoja naye. Anayemchukua mtoto wa mbwa kwa rafiki aulize tarehe ya dozi ya mwisho. Asipopata jibu la uhakika, ahesabu kuwa hakuna iliyotolewa.

Saa ya haja hufuata saa ya sahani

Mbwa mdogo huenda haja kwa mpangilio unaotabirika kuliko wa mtoto mchanga. Hukojoa anapoamka, anapomaliza kucheza na baada ya kunywa maji. Haja kubwa humjia ndani ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Kibofu chake ni kidogo: kwa makadirio ya kawaida, anaweza kujizuia kwa saa sawa na umri wake wa miezi, au zaidi kwa saa moja. Wa miezi 2 basi huvumilia saa mbili, tatu akijitahidi. Wa miezi 4 hufika nne au tano.

Makadirio hayo yanaonyesha kwa nini nyumba nyingi hushindwa. Mbwa hulishwa mabaki, na mabaki hutoka muda wowote: leo saa 2 usiku, kesho saa 5 baada ya wageni kuondoka, keshokutwa hakuna. Chakula kisichokuwa na saa huleta haja isiyokuwa na saa, na mwenye nyumba hawezi kujua wakati wa kumtoa. Mtoto wa mbwa apewe chakula mara tatu kwa siku kwa saa zile zile, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, na sahani iondolewe baada ya robo saa hata kama hajamaliza. Ugali na omena vinatosha kuanzia. Saa ndiyo isiyobadilika. Maji yasiondolewe mchana, hasa katika joto la kaskazi la Januari hadi Machi. Yanaweza kuondolewa kama saa moja au mbili kabla ya watu kulala.

Baada ya kila mlo, kila usingizi na kila mchezo, apelekwe mahali pale pale. Afungwe kamba shingoni hata kama ua una lango, kwa sababu akiachwa huru atafuata kuku na kusahau kilichomtoa. Anayempeleka asimame kimya. Harufu ya haja ya jana humkumbusha mbwa kazi ya mahali hapo, na ndiyo sababu siku tatu za kwanza ni afadhali kuacha pale karatasi iliyolowa mkojo wake.

Lichaguliwe neno moja la kumwambia, na nyumba nzima ilishike hilo. Hili huonekana dogo, lakini katika nyumba ambayo bibi humsemesha mbwa kwa Kigiryama, baba kwa Kiswahili na watoto kwa Kiingereza cha katuni, mbwa husikia maneno matatu kwa jambo moja na hakuna hata moja linalokaa.

Anapomaliza, asifiwe pale pale na apewe kichwa cha omena ndani ya sekunde mbili tatu. Kosa la kawaida ni kumpa zawadi baada ya kurudi mlangoni. Mbwa huelewa kwamba amelipwa kwa kuingia ndani, na kesho yake atakimbilia mlangoni kabla ya kumaliza haja. Kosa jingine ni kumrudisha ndani mara tu anapokojoa. Akiona mkojo ndio unaomkatizia matembezi, hujifunza kuubana. Aachwe anusenuse dakika chache kwanza.

Usiku, wa miezi 2 huhitaji kutolewa mara moja au mbili. Kazi hii ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote, nayo haizidi wiki chache. Banda lake liwe dogo: nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, basi. Mbwa kwa maumbile yake hapendi kuchafua anapolala, lakini banda likiwa na nafasi kubwa atalala pembe hii na kwenda haja pembe ile. Tabia hiyo ya kujizuia inaweza kufa. Mbwa wa ulinzi wanaofungiwa tangu alfajiri mpaka usiku hulazimika kujichafulia, na baada ya miezi kadhaa hawajali tena. Usiku wakifunguliwa hutapanya kinyesi ploti nzima, kisha mlinzi hulaumiwa. Mbwa wa namna hiyo atolewe angalau mara tatu mchana, na mtu awepo wa kumtoa. Nyumba ambayo wote huondoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 12 jioni haiwezi kumfundisha mtoto wa mbwa wa miezi 2. Ni bora ingoje likizo, au ipatane na jirani anayebaki nyumbani.

Pua haifundishwi kwa kinyesi

Mbwa akikosea ndani, watu wengi humshika shingo na kumsugua pua kwenye uchafu wake. Njia hii haina faida hata moja. Mbwa huunganisha jambo na matokeo yake yakiwa yamefuatana kwa sekunde chache tu. Akipigwa kwa mkojo wa nusu saa iliyopita, anachojifunza ni kwamba mtu akirudi nyumbani kuna hatari, na kwamba ni salama zaidi kukojoa nyuma ya kochi ambako hatamwona.

Wenye mbwa hujibu kwamba mbwa wao hujua kosa, kwani hulaza masikio na kutazama chini. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio kuhusu uso huo wa hatia. Mbwa waliuonyesha zaidi walipokemewa, wawe walikuwa wamekosa au hawakukosa. Uso ule ni jibu kwa sauti ya mtu.

Akikutwa katikati ya kitendo, aitwe kwa mkato au mtu apige kofi moja la mikono, kisha abebwe nje akamalizie huko na asifiwe. Akikutwa amekwisha kumaliza, kinachobaki ni kusafisha. Mahali paoshwe kwa maji na sabuni, halafu pafutwe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili harufu isimrudishe. Sabuni zenye amonia zisitumike, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ya mkojo. Na dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo ambao haujaoshwa: viwili hivyo vikikutana hutoa hewa inayochoma koo na mapafu, hatari zaidi katika chumba kimoja chenye dirisha dogo.

Sepetu, mfuko wa unga na shimo

Mahali pa haja pachaguliwe na wakaazi wote wa ploti kabla mbwa hajapachagua. Pawe mbali na kamba ya nguo, kisima, jiko la nje na mchanga wanaochezea watoto. Katika mitaa ya Pwani lipo jambo jingine ambalo mwenye mbwa anapaswa kulijua hata kama si Mwislamu. Kwa Waislamu wengi hapa, wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate na mkojo wa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Kanzu iliyorushiwa mkojo dakika kumi kabla ya sala ya Ijumaa ni kazi kubwa kwa mwenye kanzu. Mbwa asipitishwe bila kamba kwenye njia ya msikitini, na barazani kwa jirani asifike kabisa. Ugomvi mwingi unaofika kwa mzee wa mtaa ungekwisha hapo.

Kuokota hakuhitaji vifaa vya dukani. Tangu 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wengi huuliza watatumia nini. Mfuko wa karatasi wa unga wa kilo 2 unafaa kuliko plastiki. Ni mgumu, hauvuji haraka, na unaweza kutumbukizwa chooni. Nyumbani, sepetu kuukuu yatosha. Kinyesi kitiwe kwenye choo cha shimo, au kizikwe kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, kifunikwe udongo kila siku, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani kama inavyoshauriwa kwa choo. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi, na visima vingi si virefu.

Kisitupwe kwenye mtaro. Mvua za masika zikianza, chote kilichomo mtaroni huelekea barabarani na hori la bahari. Wala kisitumiwe kuwa mbolea ya mchicha au sukuma wiki. Samadi ya ng'ombe ni majani yaliyosagwa, lakini kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo ambayo biwi la kawaida la nyumbani halipati joto la kuyaua. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wasipewe kazi hii.

Nje ya lango, mwenye mbwa abebe mfuko wake wa unga mfukoni, ufukweni kadhalika. Lakini mtoto wa mbwa asipelekwe barabarani au ufukweni kabla ya kumaliza chanjo zake za kwanza. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha damu na kuwaua watoto wa mbwa kwa siku chache, hukaa udongoni kwa miezi pale mbwa mgonjwa alipojisaidia. Mpaka wakati huo choo chake kiwe ndani ya ua. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3 na kurudiwa kila mwaka.

Nyumba zisizo na ua

Wanaoishi ghorofani hutumia karai kuukuu lenye mchanga, likiwekwa kwenye roshani au karibu na mlango. Mchanga uliolowa hutolewa kila siku na wote hubadilishwa mara moja kwa wiki. Kama lengo ni kumfikisha chini baadaye, karai lisogezwe hatua moja moja kuelekea mlangoni kila siku chache. Likirukishwa ghafla kutoka jikoni hadi ngazini, mbwa atarudi jikoni. Ngazi na paa la jengo ni vya wote, kwa hiyo anayetaka kutumia paa apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba.

Mvua nayo huharibu mafunzo ya miezi. Mbwa wengi hukataa kutoka kukinyesha, na masika huku hudumu wiki nyingi. Makuti machache juu ya nguzo nne, mahali pale pale pa haja, hutatua shida hiyo kwa gharama ndogo.

Mbwa mzima anapobadilika

Mbwa mwenye adabu akianza ghafla kujichafulia ndani, asihukumiwe kabla ya kupimwa. Dume wa miezi 6 hadi 12 huanza kuinua mguu na kuweka alama ukutani, tabia inayopungua kwa wengi wakihasiwa. Jike mzee aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja mkojo usingizini bila kujua. Wengine hukojoa kwa woga wa radi au fataki. Lakini anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa matone matone yenye damu au anayeharisha ni mgonjwa. Dume anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa tone lolote afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mkojo uliozibwa humuua ndani ya siku chache.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na ustawi wao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Huduma za mifugo pia ni za kaunti. Kwa hiyo mkaazi mwenye swali kuhusu dawa ya minyoo, chanjo au leseni aanzie ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo yake. Anayetaka mbwa apimwe minyoo abebe kinyesi cha asubuhi hiyo, kiasi cha kijiko kimoja, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, kikiwa kimewekwa kivulini. Kilichokaa juani tangu jana hakitamfaa mpimaji.